Amana ya Watatu

Kiti cha gari la mbio hufinyangwa. Siku kadhaa kabla ya mashindano, dereva huvaa ovaroli yake, akaketi ndani ya ganda tupu la kiti, juu ya mfuko wa plastiki, na fundi akamimina mfukoni vimiminika viwili ambavyo vikichanganyika huumuka kama unga wa maandazi. Povu hupanda taratibu. Hujaza uwazi wa kiunoni, hujaza ubavu, huingia chini ya mapaja, kisha hukauka. Muda wote huo dereva hatikisiki. Ameshika usukani kama atakavyoushika kazini, magoti yamekunjwa kama yatakavyokunjwa, anasubiri. Akiinuka, mgongo wake umebaki pale. Fundi huchonga kingo kwa kisu, akamwita aketi tena, akachonga tena, kama fundi cherehani anayerudia kupima koti la bwana harusi.

Kwa gari la Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, kazi hiyo hufanywa mara tatu, kwa kuwa gari ni moja na madereva ni watatu. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi, na pedali ni zilezile. Kwa hiyo kila mmoja huja na mto wake uliochongwa, anaoingia nao garini na kutoka nao. Kabla injini haijawashwa, hapo tayari pana kazi ya kuelewana: usukani ukae wapi ili asiumie yeyote, breki iwe ngumu kiasi gani, kitufe kipi kiwe karibu na kidole gumba. Kila mtu huacha kidogo anachokipenda.

Nimeyafuatilia mashindano haya kwa miaka mingi, zaidi kwa jicho la kamera ndogo inayofungwa ndani ya gari, na nimefika mahali nikaacha kuitazama kasi. Kasi wanayo wote. Ninachokitazama sasa ni jinsi mtu anavyopokea kitu kisicho chake peke yake, akakitumia kwa nguvu zake zote, akakirudisha kwa mwenzake kikiwa kizima. Waswahili kitu cha namna hiyo tunakiita amana.

Mbio huanza Jumamosi saa kumi alasiri kwa saa za Ufaransa, kwetu Afrika Mashariki saa kumi na moja, na huisha Jumapili saa ileile. Ni Juni, na jua la Juni kule kaskazini huzama saa nne za usiku. Kwa aliyelelewa na saa za Kiswahili, ambazo hesabu yake ni ya jua, magharibi kuingia saa nne ni jambo linaloshtua mwaka hadi mwaka. Macheo lakini ni saa kumi na mbili, kama ya kwetu. Kwa hiyo usiku wa Le Mans ni mfupi, saa 8 hivi, na ndani ya saa hizo 8 ndipo mbio nyingi zimeamuliwa.

Wiki yenyewe ni ndefu. Magari hukaguliwa hadharani mjini, watu wakitazama. Jumatano na Alhamisi hufanyika mazoezi, na kila dereva hulazimika kupiga mizunguko ya gizani kabla hajaruhusiwa kushindana. Ijumaa madereva huzungushwa mitaani juu ya magari ya kale yasiyo na paa, wakipungia watu mikono. Sina mengi ya kusema juu ya Ijumaa.

Barabara ndiyo yenye mengi. Mzunguko mmoja ni kilomita 13.626, na sehemu kubwa yake ni barabara ya umma: ule mnyoofu wa Hunaudières, wenye urefu wa karibu kilomita 6, ni njia ya kwenda Tours, na siku za kawaida hupitwa na malori na watu wanaokwenda madukani. Barabara ya umma hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni. Kwenye gari la kawaida mgongo huo huusikii. Kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 330 kwa saa, gari likivuka mgongo kutoka upande mmoja kwenda mwingine hujaribu kwenda linakotaka lenyewe. Itazame mikono ya dereva hapo. Haikazi. Vidole vinaushika usukani kama mtu anavyoshika kikombe kilichojaa, na gari huachwa litikisike kidogo, kisha lirudi. Dereva mgeni hukaza mikono kwenye mnyoofu huu, na zamu ikiisha mabega yanamuuma.

Mwaka 1969 mbio bado zilianza kwa desturi ya zamani: magari yamepangwa upande mmoja wa barabara, madereva wamesimama upande wa pili, bendera ikishuka wanakimbia kila mtu kwenye gari lake. Waliokimbia waliondoka bila kufunga mikanda sawasawa. Kijana wa Kibelgiji, Jacky Ickx, hakukimbia. Alitembea. Alivuka barabara kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, akaingia kwenye Ford GT40 yake, akafunga mkanda, akauvuta ukakaza, ndipo akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko huohuo wa kwanza dereva mmoja, John Woolfe, alipata ajali akafa. Kesho yake Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda, wakiwa mbele ya Porsche kwa mita zipatazo 120. Desturi ya kukimbia ilikomeshwa. Mimi humkumbuka Ickx kila ninapoona dereva akifungwa mikanda: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, miwili ya mapajani, yote ikikutana kwenye kifungo kimoja tumboni. Hufungwa kwa utaratibu, kisha huvutwa tena mmoja mmoja.

Sasa tufuate zamu moja tangu mwanzo.

Gari limetoka gereji na matairi ya baridi. Zamani yalipashwa moto kwenye oveni kabla ya kufungwa, lakini tangu 2024 oveni hizo zimepigwa marufuku Le Mans, na dereva huyapasha moto mwenyewe njiani. Tairi la baridi halishiki lami. Katika kona ya kwanza, karibu na daraja la Dunlop, nyuma ya gari huteleza, usukani hugeuzwa upande wa pili kwa upana wa vidole viwili, kisha hurudi. Inateleza tena kwenye kona ya Tertre Rouge, vidole viwili tena. Hakuna kurupuko. Dereva anakanyaga breki mapema kuliko kawaida, anakanyaga mafuta kwa kubembeleza, na sekunde anazozipoteza hapo hazililii. Kufikia mzunguko wa pili moto umeingia kwenye mpira, na lile tikisiko dogo la usukani limekwisha.

Kwenye mnyoofu, sikiliza kabla ya kutazama. Vibao vya 300, 200 na 100 vinahesabu mita zilizobaki kabla ya kona. Mahali fulani kabla ya kukanyaga breki mlio wa injini hushuka ghafla. Mguu wa kulia umeinuka, wa kushoto bado haujashuka, na gari linakwenda kwa msukumo wake lenyewe. Huku ni kubana mafuta. Akifanya hivyo kila kona kwa kipimo kilekile, tangi litamfikisha mzunguko mmoja zaidi, na mzunguko mmoja kwa kila tangi, ukijumlisha usiku na mchana, ni safari nzima ya kuingia gereji iliyookolewa. Anayetazama kwenye televisheni haoni kitu. Anayesikiliza anasikia pumzi ile, mahali palepale, mzunguko kwa mzunguko.

Kisha breki. Diski zake ni za kaboni, na kaboni haishiki vizuri mpaka ipate moto, na kwenye mnyoofu mrefu imepigwa upepo ikapoa. Dereva huikanyaga kwa nguvu zote kwa mara moja, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa hewa inaligandamiza gari chini na matairi yanaweza kuhimili. Kadiri mwendo unavyopungua, hewa nayo hulegeza mkono wake, na matairi yaliyokuwa yameshika lami yanakaribia kuburura. Hivyo mguu hauna budi kulegea sambamba na hewa, kidogo kidogo, hadi gari liingie kwenye kona. Ukilegeza mapema umepoteza wakati. Ukichelewa, tairi linajifunga, linaburura, linapata kipara upande mmoja, na mwenzako atakuja kuendesha gari linalotetemeka. Usiku diski hizo huonekana zikiwaka nyekundu ndani ya magurudumu, kama makaa kwenye jiko la mchoma mahindi.

Baada ya kona ya Mulsanne huja Indianapolis, kisha Arnage, kona ya polepole kuliko zote, chini ya kilomita 100 kwa saa. Halafu kona za Porsche, ambazo mimi naona ndizo kipimo cha kweli. Zinafuatana kwa kasi, kulia, kushoto, kushoto, kulia, ukuta uko karibu, na ukikosea ya kwanza umeshakosea zote, kwa maana kila moja inakutupa mahali unapoanzia nyingine.

Na barabara si yako peke yako. Magari 62 yako humo, ya madaraja matatu. Magari makubwa ya daraja la juu humaliza mzunguko kwa takriban dakika 3 na nusu; yale ya daraja la chini, yaitwayo GT, huchukua karibu dakika 4, na kila gari la GT lazima liwe na dereva mmoja asiye wa kulipwa, mtu mwenye shughuli zake nyingine anayependa mbio. Kwa hiyo dereva wa gari la kasi hupita wenzake saa 24. Anamwona mtu mbele, hamjui. Anawasha taa fulu mara mbili, kisha anasoma. Je, amesogea kidogo? Ameniona kwenye kioo au anapigania nafasi yake na mtu mwingine? Kona iliyo mbele ni ya upande gani, na tutakutana wapi ndani yake? Haya yote ni ya nusu sekunde. Kwenye mnyoofu jibu ni rahisi. Kwenye kona za Porsche, dereva mwenye busara mara nyingi hukaa nyuma kona mbili tatu, anakula hasara, kisha anampita palipo wazi. Nimewahi kumtazama mmoja akisubiri hivyo mara tano ndani ya zamu moja. Watangazaji hawakulitaja hata mara moja.

Mwaka 2011 ulionyesha gharama ya kupitana huku. Audi walikuja na magari matatu. Saa ya kwanza, Allan McNish, bingwa ambaye tayari alikuwa ameshinda Le Mans, alikuwa akipita karibu na Dunlop, gari lake likagusana na Ferrari ya daraja la chini, likaruka hadi kwenye ukuta wa matairi likavunjika vipande. Alitoka mwenyewe. Usiku Mike Rockenfeller naye aligusana na gari la GT njiani kwenda Indianapolis, kwa mwendo mkubwa zaidi, na gari likasagika. Naye alitoka mwenyewe. Likabaki gari moja la Marcel Fässler, André Lotterer na Benoît Tréluyer mbele ya kundi la Peugeot. Hao watatu walipita mamia ya magari, usiku na mchana, kila mmoja akijua kwamba hakuna gari jingine la kutegemea. Walishinda kwa sekunde 13.854, baada ya saa 24.

Zamu ya mafuta huisha baada ya dakika 40 na kitu, na dereva huendelea zamu mbili, tatu, wakati mwingine nne, kabla ya kushuka. Sheria inamkataza kuzidi saa 4 ndani ya kila saa 6, na saa 14 kwa jumla. Madereva wetu wa mabasi ya mikoani wanajua kupokezana usukani, na nadhani wangeelewa haraka kuliko wengine kinachofuata.

Sauti redioni inamwambia aingie. Anabonyeza kitufe, mwendo unashuka hadi kilomita 60 kwa saa, ndio unaoruhusiwa mbele ya gereji. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshaanza kulegeza mikanda ya mabegani. Fundi amenyoosha kibao. Pua ya gari husimama chini yake, si kiganja mbele wala nyuma, maana bomba la mafuta lina urefu wake. Injini inazimwa. Mlango unafunguka. Aliyemo anachomoa waya wa redio, anachomoa mrija wa maji, anafungua kifungo cha tumboni, anavuta mto wake, anatoka. Anayeingia ameshasimama mlangoni na mto wake mkononi. Anazama ndani miguu kwanza.

Na hapa ndipo ninapopapenda kuliko mahali pengine popote katika mbio za magari. Aliyetoka haendi zake. Ameendesha saa mbili au tatu, jasho limemlowesha, miguu inatetemeka, na anainama, anarudisha kichwa ndani ya gari lile lenye joto la tanuri, anamfunga mwenzake. Anatafuta mkanda wa kushoto uliokwama nyuma ya bega. Anauleta. Anabonyeza kifungo, anauvuta mkanda kwa nguvu mpaka mwenzake anaguna. Anachomeka waya wa redio, anachomeka mrija wa maji, anahakikisha kola ngumu inayolinda shingo imeshika helmeti pande zote mbili. Anampiga helmeti kofi dogo. Mlango unafungwa. Mafuta bado yanaingia. Yote hayo yamekwenda kwa nusu dakika na ushei.

Baadaye, kabla ya kula na kukandwa misuli, atasimama mbele ya wahandisi aseme alichokiona: breki ya mbele imeanza kuingia ndani zaidi, kuna changarawe Arnage, upepo umegeuka na sasa unasukuma kutoka nyuma kwenye mnyoofu, lile gari la njano halitazami vioo. Naye hana karatasi. Kilomita zote hizo alikuwa akizihifadhi kichwani kwa ajili ya mtu mwingine.

Usiku vibao vya mita huonekana kwa kufumba na kufumbua, na miti iliyokuwa alama mchana haipo tena. Moshi wa nyama choma wa watu waliopiga mahema huvuka barabara. Dereva anaendesha kwa kumbukumbu, taa zikithibitisha tu kile anachokijua. Mdenmaki Tom Kristensen alikuwa na kipaji hiki. Mwaka 1997 aliitwa siku chache tu kabla ya mbio, hajawahi kushindana Le Mans, na usiku wa manane akaweka mzunguko wa kasi kuliko yote ya mashindano hayo. Alishinda mwaka huo, kisha akashinda mara 8 nyingine, na hakuna aliyemfikia.

Ushindi wake ninaourudia zaidi ni wa 2008. Peugeot zilikuwa na kasi kuliko Audi yake kwa takriban sekunde 5 kwa mzunguko siku ya kupanga nafasi, na sekunde 5 ni nyingi mno. Kisha mvua ikaja. Barabara ya kilomita 13 ina hali ya hewa zaidi ya moja: Mulsanne kunanyesha, mbele ya gereji kukavu. Mistari myeupe ya barabara ya umma hugeuka barafu. Dereva lazima avuke mistari hiyo usukani ukiwa umenyooka, akisikia kwa makalio, kama wasemavyo wenyewe, gari linataka kwenda wapi, na aamue kama matairi haya yatafaa dakika 10 zijazo. Kristensen na wenzake McNish na Rinaldo Capello waliyamudu hayo. Walimaliza mbele kwa zaidi ya dakika 4.

Alfajiri hewa ni baridi, injini inavuta vizuri, lami imepakwa mpira wa usiku kucha, na mara nyingi mizunguko ya kasi huja saa hizo. Wadudu waliokufa wamejaa kwenye kioo. Jua linatoka, na dereva ameyaona machweo na macheo katika kazi moja.

Gari lililokwenda mbali kuliko yote lilimaliza mizunguko 397 mwaka 2010, kilomita 5,410, zaidi ya safari nne za Dar es Salaam hadi Mwanza. Kona ya Arnage mara 397, breki ileile, pumzi ileile ya injini.

Mwaka 2016 Kazuki Nakajima alikuwa zamu ya mwisho ya Toyota namba 5. Alikuwa akiongoza. Zikiwa zimebaki kama dakika 3, aliwaambia wenzake redioni kwamba gari halina nguvu, na likasimama kwenye mstari mbele ya jukwaa, mbele ya gereji yake mwenyewe. Porsche ikapita. Nakajima hakushuka. Alibonyeza vitufe kama alivyoelekezwa, akazima, akawasha, gari likaanza kusogea, akalizungusha kilomita zote 13 kwa mwendo wa kujikokota na kulifikisha kwa wenzake Anthony Davidson na Sébastien Buemi. Mzunguko huo ulizidi muda wa dakika 6 unaoruhusiwa, na gari halikuhesabiwa.

Miaka miwili baadaye Toyota ilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza. Madereva walikuwa Buemi, Fernando Alonso na Nakajima. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Nakajima.